Kiwiko cha Mkulima Hakidai Mashine

Hoja ya wauza mashine ni hii: kiwiko cha tenisi, yaani maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, hutibiwa kwa mashine ya mawimbi ya mshtuko, hivyo mgonjwa wa hapa Nangina, Samia, auze mbuzi aifuate mjini.

Tenisi gani? Wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Huku Samia, nchi ya wahunzi waliosifika kwa majembe, wanaoumia ni wanaolima, wanaokamua nguo na wanaosukuma mikokoteni mpakani Busia.

Eti ni teknolojia mpya. Mawimbi hayo yalianza kutumiwa kwa binadamu Munich mwaka 1980, kuvunja mawe ya figo. Kiwiko hakina mawe.

Eti "wagonjwa wetu wamepona." Hapo ndipo hoja inapochechemea. Wamepona, ndiyo, wengi hupona hata wasipoguswa. Utafiti wa Uholanzi wa 2002 uliwaacha baadhi ya wagonjwa wangoje tu, na baada ya mwaka asilimia 83 walikuwa wamepata nafuu. Waliofanya fiziotherapia walikuwa asilimia 91. Waliochomwa sindano ya steroidi, asilimia 69. Jogoo huwika, kisha hudai ameleta jua! Na mashine ilipopimwa dhidi ya tiba bandia? Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2005, majaribio tisa yenye watu 1,006, yalikuta faida ndogo au hakuna kabisa.

Mazoezi, tofauti na mashine, ni bure: laza mkono mezani, kiganja chini, shika chupa ya maji, inua kwa msaada wa mkono mwingine, shusha polepole. Jembe lipumzike kidogo.

Anayeuza mashine atuletee jaribio, si ushuhuda wa shemeji yake.