NYUMBA NA JIRANI: Harufu ya Paka Mlangoni

 

Mwezi huu tutazungumza juu ya jambo dogo. Pengine utacheka na kusema: Pasta amekosa neno la kuandika, sasa anaandika juu ya mikojo ya paka! Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho. Kwa maana jambo hili dogo lilikuwa karibu kumfukuzisha mama mmoja mjane katika lupango lake, na mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu yangu katika kosa lile.

Asubuhi moja mama mmoja wa kanisa letu alifika kwangu akilia. Akasema: "Pasta, kila butuku kuko paka moja munene, anakuya kumwanga mukojo ku mulango yetu. Tunasafisha, asubui arufu iko tena. Mutoto anagonjwa. Bwana yangu, kazi inaaribika. Ule mama mujane wa mbele njo anatuma ile paka."

Nikamwuliza: "Mama, nani alikuambia hivyo?" Akajibu kwamba muombaji mmoja aliyepita katika avenyu yao aliona mambo hayo katika maono, naye aliomba dola 50 ili aifunge paka ile kwa maombi. Vijana wa avenyu walikuwa wamekwisha kupanga siku ya kwenda kumtoa mjane nje pamoja na vyombo vyake.

Sikumjibu kwa mahubiri. Nilimwambia mambo mawili: mtoto apelekwe leo leo kwenye kituo cha afya, na usiku huu mimi nitakuja, tutakesha na bwana yako. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa. Na usiku tulikaa giza, baba yule na mimi, tukiwa na tochi moja.

Kadiri ya saa nane ya usiku paka akaruka ukuta. Alitembea polepole mpaka mlangoni, akanusa mbao, akageuza mgongo, akasimamisha mkia ukitetemeka, akarusha mkojo kwenye mlango, urefu wa goti la mtu. Wakati ule ule, ndani ya nyumba, paka jike wao alikuwa akilia kile kilio cha kutafuta dume. Baba akawasha tochi. Mimi nikaona sikio la kushoto limepasuka.

Wapendwa, sikio lile nililijua. Paka yule alikuwa wangu. Mimi ndiye ninayemlisha kila jioni mabaki ya samaki. Na mjane aliyesingiziwa hakuwa hata na paka.

Kwa nini paka anafanya hivi?

Ni vema tujue jinsi Mungu alivyomuumba mnyama huyu. Paka anayekojoa kwa haja yake anachuchumaa chini, anafukia kwa udongo. Lakini paka anayerusha mkojo juu ya ukuta ao mlango hatafuti choo. Anaandika barua kwa pua za paka wengine: mimi nimepita hapa, mahali hapa ni pangu. Paka dume anaanza kazi hiyo akikomaa, mara nyingi kuanzia miezi sita hivi. Paka jike pia anaweza kufanya, zaidi wakati anapotafuta dume. Na mkojo wa dume asiyehasiwa ndio wenye harufu kali kabisa.

Kwa nini anachagua mlango wako? Angalia mambo matatu. Pengine una paka jike anayelia, na madume ya kartie yote yanamsikia. Pengine una chakula wazi: shimo la takataka lenye vichwa vya samaki, sufuria ya bukari iliyolala nje, ao panya wengi katika depo ya unga. Ao paka mwingine alikwisha kuandika barua yake pale, na huyu anakuja kujibu. Ndiyo sababu mahali palipokojolewa mara moja panakojolewa tena na tena.

Na katika kambi za kazi na site zetu nyumba zimepangwa mistari, ukuta kwa ukuta. Paka mmoja anaweza kupita milango mingi kwa usiku mmoja. Mtu akifungua mlango na kusikia harufu, asiseme: hii ni kwangu peke yangu. Amuulize kwanza jirani.

Utafanya nini?

1. Safisha vizuri. Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, acha kidogo, sugua, mwagia maji safi. Kisha chukua vinegre moja na maji moja, pakaza, acha ikauke. Tumia maji ya Javel mbali na kazi hii. Javel ikikutana na mkojo, ao ikichanganywa na vinegre, inatoa hewa mbaya inayoumiza macho na kifua, zaidi kwa watoto. Ukuta wa matofali ya udongo unakunywa mkojo; kuosha tu hakutoshi. Paruza udongo ule wa juu, pakaza mpya, maliza kwa chokaa.

2. Ondoa kinachomuita. Funika shimo la takataka, ao zika mabaki ya samaki na udongo. Vyombo vya chakula visilale nje. Kama una rundo la mchanga wa kujenga, lifunike kwa bashe, maana paka anaufanya choo chake, na watoto wanachezea pale pale.

3. Mfanye mgeni asipapende. Kwenye shamba dogo la mboga weka matawi ya miiba ao mawe yenye ncha katikati ya mimea. Maganda mapya ya machungwa yanachukiza pua za paka wengi, lakini yakikauka hayana nguvu tena, basi uyabadilishe. Ukimkuta, umwagie maji tu. Atakimbia bila kuumia. Kama paka wako mwenyewe ndiye anayekojoa mahali fulani, safisha pale, kisha weka sahani yake ya chakula pale pale. Paka hapendi kukojoa mahali anapokulia.

4. Ahasiwe. Hii ndiyo dawa inayopita zote. Kumhasi dume ni kumtoa korodani, kama watu wanavyofanya kwa mbuzi na ng'ombe. Katika madume kumi yaliyohasiwa, karibu tisa yanaacha ao yanapunguza sana kurusha mkojo. Haiachi siku ile ile. Subiri majuma machache. Jike naye akifanyiwa operesheni, halii tena kuita madume na hazai tena watoto wa kutupwa barabarani. Kazi hii ni ya mganga wa wanyama, mwenye dawa ya kumlalisha. Usikubali mtu amkate kwa wembe nyuma ya nyumba. Huku kwetu Katanga, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kinachofundisha waganga wa wanyama, na wengi wao wanatumika katika miji yetu. Ikiwa bei ni nguvu, malupango mawili ao matatu ya avenyu moja wachange pamoja kwa ajili ya dume lile linalowasumbua wote. Ni heri kuliko dola 50 za yule muombaji.

Usifanye nini?

Usiweke sumu. Najua wengi wanafanya. Wananunua sumu ya panya sokoni, wanachanganya na samaki, wanaweka kando ya ukuta usiku. Lakini asubuhi ni nani anayeamka wa kwanza na kutembea chini akiokota vitu? Ni mtoto mdogo. Na kuku wa jirani, na mbwa wa jirani. Pia paka wakifa wote, panya watashangilia. Panya wanamaliza unga wetu na kuleta magonjwa. Kule Ituri wanajua vema ugonjwa wa tauni, ambao viroboto vya panya vinauleta kwa watu.

Usimwage petroli, wala asidi ya batri, wala ile asidi ya viwandani ambayo watu wengine wanaiba kazini. Asidi haichagui kati ya mguu wa paka na mguu wa mtoto wako. Na zile bulu nyeupe za kuwekea nguo, za kufukuza nondo, ni sumu kwa paka na kwa mtoto anayedhani ni bonbon.

Usimshike paka mgeni kwa mikono mitupu. Akikuuma ao kukukwaruza, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha kwenda kwenye kituo cha afya bila kungoja. Kichaa cha mbwa kinapatikana kwa paka pia, na kikianza kuonekana katika mtu hakuna dawa ya kumponyesha.

Na neno kwa mama mwenye mimba: mkojo wa mlangoni haukuletei ugonjwa wa toksoplasmosi. Ugonjwa ule unatoka katika mavi ya paka, na katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri. Basi mtu mwingine aondoe mavi yale kila siku. Wewe ukilima bustani vaa glovu, na osha mikono kwa sabuni.

Wewe mwenye paka

Katika vitabu 66 vya Biblia yetu, jina la paka wa nyumbani halionekani hata mara moja. Lakini soma Kutoka sura ya 21. Pale Mungu anasema juu ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe. Ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa na hakumfunga, kosa linakuwa juu ya mwenyewe. Nawe endelea mpaka sura ya 23, utakuta kwamba ukiona mnyama wa adui yako amepotea, unapaswa kumrudisha. Torati haikusema umpe sumu.

Mimi nilifuga paka wangu kwa ajili ya panya. Nilifurahi kwamba mchana analala kwangu. Usiku anakwenda wapi, sikuuliza. Nilikuwa na faida, na jirani alikuwa na harufu. Ndugu, wangapi kati yetu tunaishi hivyo, siyo kwa paka tu?

Na juu ya bulozi niseme neno moja. Siwezi kukuambia kwamba shetani hana kazi. Lakini mtu anayekuonyesha jirani yako kwa kidole, naye anashika falanga zako kwa mkono mwingine, mtu huyo umwogope. Leo anasema paka ametumwa na mjane, kesho atasema ametumwa na mtoto wa ndugu yako uliyemlea. Na mnajua kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inakataza kumsingizia mtoto bulozi. Kabla ya kusema neno kama hilo juu ya mtu yeyote, mkubwa ao mdogo, kesha kwanza usiku mmoja na tochi.

Asubuhi ile tulikwenda watu wanne kwa yule mjane: baba, mama, shefu wa avenyu, na mimi. Mimi ndiye niliyesema wa kwanza. Nilimwambia: "Mama, utusamehe. Paka ni yangu." Alinyamaza muda mrefu. Kisha alituonyesha mlango wake, upande wa chini, mbao zimebadilika rangi.

Akasema: "Pasta, na kwangu anakojoa. Myezi mingi niko nasafisha pa asubui sana, mbele ya batu kuamuka. Niliogopa kusema. Bangesema njo miye."

Wapendwa, neno lile lingali masikioni mwangu. Jirani yake alilia kwa sauti, na avenyu yote ilimsikia. Yeye alikuwa na taabu ile ile, akaisafisha gizani, kwa sababu alijua kwamba mwanamke mzee asiye na bwana akitaja tu paka wa usiku, amejihukumu.

Paka wangu alihasiwa juma lile lile. Jike la wale wazazi nalo lilifanyiwa operesheni, tukagawanya bei. Mlango wa mjane niliusugua mimi mwenyewe na mtoto wangu wa kwanza, kwa sabuni, na kisha vinegre. Baada ya majuma machache harufu iliisha kwote kuwili. Paka angali akiruka ukuta, lakini haachi tena barua.

Basi wewe, jioni ya leo, pita kwa jirani yako, zaidi yule asiyesema mengi. Umuulize: na kwako, harufu iko?

Mungu abariki nyumba zenu.

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji

*Maulizo ya kuzungumza katika jamaa:*
1. Wanyama wetu wanakwenda wapi usiku? Je, tulikwisha kumuuliza jirani?
2. Ni nani katika avenyu yetu anayeogopa kusema taabu yake, na kwa nini?
3. Je, kuna sumu ao asidi mahali ambapo watoto wetu wanaweza kufika? Tutaiondoa lini?