Bodi Isiyo na Jina: Nyumba Ikiharibika, Nani Atatujibu?



Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu bati. Na aghlabu pesa hutoka kwa ndugu walioko Oman, Dubai au Ulaya, ambao hawajauona hata mfuko mmoja wa saruji walioulipia. Nyumba ndiyo akiba ya familia nzima. Ikiharibika hakuna akiba nyingine ya kuikimbilia.

Kwa hiyo tumeona ipo haja ya kulizungumza jambo ambalo huwa hatulizungumzi mpaka limeshatufika: vifaa vya ujenzi vibovu vinavyoingizwa kutoka nje. Rai yetu tunaitoa mapema. Kifaa kisichokuwa na jina la aliyekitengeneza tusikinunue, hata kikiwa rahisi namna gani. Na kinachonunuliwa kiwekewe kumbukumbu kabla ukuta haujafungwa.

Wapo wanaodhani balaa hili ni la nchi maskini peke yake. Hebu tutazame yaliyowafika watu wa Marekani.

Katikati ya miaka ya 2000 nchi ile ilikuwa katika wimbi kubwa la ujenzi. Juu ya hayo vikaja vimbunga vya mwaka 2004 na 2005, kikiwemo Katrina, vikabomoa nyumba nyingi mno katika majimbo ya kusini. Bodi za jipsamu, ambazo sisi tunazijua zaidi darini na wao huzitumia kwa kuta zote za ndani, zikaadimika. Wafanyabiashara wakaagiza kutoka China. Nyumba zikamalizika, zikapakwa rangi, watu wakahamia na watoto wao.

Haukupita muda mrefu, nyumba zikaanza kunuka kama mayai viza. Viyoyozi vikafa, vikabadilishwa, vikafa tena. Friji na televisheni zikafuata. Mafundi umeme walipofungua soketi walikuta nyaya za shaba zimekuwa nyeusi kama masizi. Waliokuwa wakiishi humo walilalamika macho kuwasha, kikohozi, kuumwa kichwa na kutokwa damu puani.

Sababu ni kwamba baadhi ya bodi zile zilikuwa zikitoa gesi za salfa, hasa penye joto na unyevu, na gesi hizo hula shaba. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2010 vilionyesha kwamba baadhi ya bodi kutoka China zilitoa gesi ya hidrojeni salfaidi mara 100 zaidi ya bodi za kwingineko. Tuseme ukweli kwamba si bodi zote za China zilikuwa mbovu. Lakini tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilipokea karibu malalamiko 4,000, mengi yakiwa ya Florida na Louisiana. Ushauri uliotolewa ulikuwa mzito: toa bodi zote zenye kasoro, na pamoja nazo badilisha kengele za moshi, soketi, swichi na vikata umeme. Maana yake ni kuivua nyumba mpaka mifupa.

Je, nani alilipa? Hapa ndipo penye somo kubwa. Kampuni nyingi za bima zilikataa. Mjenzi alimsukumia muuzaji, muuzaji akamsukumia mwagizaji, mwagizaji akamsukumia kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari. Mwenye nyumba akabaki katikati. Wapo waliohama na kupanga kwingine huku wakiendelea kulipa mkopo wa nyumba wasiyoweza kuilala.

Kesi zao zilikusanywa katika mahakama moja mjini New Orleans. Kilichowatenganisha wenye nyumba kilikuwa chapa iliyo nyuma ya bodi. Wale ambao bodi zao zilitoka kiwanda cha China cha kampuni ya Kijerumani ya Knauf walipata suluhu mwishoni mwa mwaka 2011, na nyumba nyingi zikatengenezwa. Wale wa kampuni ya Taishan walisubiri mno. Kampuni hiyo ilipinga kwamba mahakama ya Marekani haina mamlaka juu yake, na suluhu yake ya dola milioni 248 ilikubaliwa mwaka 2019 na kupitishwa na mahakama mwaka 2020. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka kumi tangu bodi zibandikwe ukutani.

Serikali yao nayo ilizinduka. Sheria iliyotiwa saini Januari 2013 ilitaka kila bodi iandikwe jina la mtengenezaji na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Sharti dogo la wino tu, lakini wenye nyumba walikuwa wameligharimia sana.

Ndugu zetu, ikiwa nchi yenye mahakama na bima za kila aina raia wake wamehangika hivyo, sisi tutamkimbilia nani? Hapa kwetu vipo vyombo vya viwango. Kenya ilianza utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa mwaka 2005, na Tanzania ikafuata mwaka 2012. Ni hatua njema, nasi tunaiunga mkono. Lakini cheti cha bandarini hakimsaidii mtu aliyeko dukani ikiwa bidhaa iliyo mbele yake haina jina wala tarehe. Tunaona vyombo hivi vingeingia zaidi madukani, vikanunua kama anavyonunua mwananchi, vikapima, na kutangaza matokeo kwa lugha inayoeleweka.

Wakati tukiyasubiri hayo, kila familia inaweza kufanya yafuatayo.

Kwanza, tupige picha chapa iliyo kwenye bodi, nondo, waya na bomba kabla hazijafunikwa. Risiti iandikwe jina la bidhaa na kiasi chake, isiwe "vifaa vya ujenzi" tu.

Pili, tupime. Nondo ya kweli ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ikipungua sana, umeuziwa nyembamba. Waya wa umeme ukwanguliwe kwa kisu: ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo si shaba bali ni alumini iliyopakwa.

Tatu, nyote mlioko ng'ambo, msitume pesa tu. Ombeni picha za chapa kama mnavyoomba picha za kuta. Na vijana wetu mnaosoma uhandisi na ufundi umeme, wasindikizeni wazee dukani. Saa moja yenu inaweza kuokoa akiba ya miaka ishirini.

Tunalo neno pia kwa wafanyabiashara wa jamii yetu. Maduka mengi yana kibao kisemacho mali ikishauzwa hairudishwi. Tunajua wapo wateja wasumbufu wanaorudisha kitu kizima kwa kubadili nia tu, na hao wana hukumu yao. Lakini sheria yetu ya biashara inamtambua mnunuzi aliyekuta kasoro iliyokuwepo kabla ya kuuziwa, ikampa khiyari ya kurudisha. Muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza, kibao hicho hakimwokoi. Basi uza ukiwa unajua umenunua kwa nani, na usione haya kumwambia mteja kwamba bidhaa fulani huijui asili yake.

Urahisi wa bei ni neema pale ambapo kitu ni kizima. Kikiwa kibovu, bei ile ni malipo ya kwanza tu. Yaliyobaki yatadaiwa baadaye, na watakaodaiwa ni watoto wanaolala chini ya dari hilo. Tuulize jina kabla ya kuuliza bei.

Wabillahi tawfiq.