Mashine ya kutisha ya Saudi Arabia na bembea ya sikukuu: ipi ya kuogopa?

Kama una simu yenye WhatsApp, huenda video hii imeshakufikia. Watu wamekaa kwenye mabehewa yaliyo wazi, wamefungwa viunoni na vifuani, wanapandishwa kwenye reli nyembamba kando ya genge la jangwani. Kisha wanadondoka. Wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Ikiingia kwenye makundi ya huku kwetu, jibu la kwanza huwa moja: "Waitu, mimi hapo sipandi hata kwa kulipwa."

Chombo hicho kinaitwa Falcon's Flight. Kiko Qiddiya, nje kidogo ya Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, ndani ya bustani ya michezo ya Six Flags iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2025. Ni rola kosta, yaani mabehewa yanayokimbia juu ya reli ya kupanda, kushuka na kujikunja kwa ajili ya kumsisimua aliyepanda. Hakuna mahali unakopelekwa. Unarudi palepale ulipopandia. Mwendo wake unafika kilometa 250 kwa saa, reli yake ina urefu wa zaidi ya kilometa 4, na kimo chake ni mita 195. Hakuna jengo Dar es Salaam lenye kimo hicho. Basi letu la abiria haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Kwa mwendo wa hiyo mashine, kutoka Bukoba mjini hadi Muleba ungetumia kama robo saa, ukifika ukiwa na macho mekundu.

Kabla ya hapo, rekodi ya mwendo ilikuwa ya Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, yenye kilometa 240 kwa saa. Wanaokaa humo huvaa miwani kama ya warukao kwa miavuli, kwa sababu kwa kasi hiyo hata mdudu mdogo akikupiga jichoni ni balaa. Rekodi ya kimo ilikuwa Marekani, kwenye mashine ya Kingda Ka ya mita 139. Hiyo ilifungwa mwaka 2024, na Februari 2025 mnara wake ukaangushwa kwa baruti. Kwa hiyo rekodi zote mbili sasa ziko Uarabuni, na haikutokea kwa bahati. Saudi Arabia inajua mafuta hayatalipa bili zake milele, na mpango wake wa kuelekea mwaka 2030 unataka fedha za utalii na burudani. Hii ni nchi ambayo hadi mwaka 2018 haikuwa na majumba ya sinema ya kawaida. Leo inajenga mji mzima wa michezo.

Huo ndio upande wa habari. Lakini swali ninalotaka tulizungumze ni lile lililojificha ndani ya jibu la "sipandi hata kwa kulipwa". Mtu huyohuyo anayeogopa mashine ya Qiddiya, siku ya Krismasi au Idd anamnyanyua mwanawe wa miaka 5 na kumketisha kwenye bembea ya kuzunguka inayoendeshwa na jenereta uwanjani, bila kuuliza chochote. Mimi nadhani hofu yetu imekaa mahali pasipo pake.

Tuanze na namna rola kosta inavyofanya kazi. Nyingi za kawaida hazina injini ndani ya behewa. Mnyororo unayavuta mabehewa hadi kilima cha kwanza, halafu yanaachiwa. Ni sawa na kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi hadi juu Kamachumu, kisha ukapanda na kuiachia iteremke: nguvu uliyotumia kupanda ndiyo inayokupeleka chini. Ndiyo maana kilima cha pili huwa kifupi kuliko cha kwanza, maana nguvu nyingine imeshaliwa na msuguano na upepo. Zile zenye kasi kubwa husukumwa: Formula Rossa inasukumwa kwa nguvu ya mafuta yaliyogandamizwa, na Falcon's Flight inasukumwa na sumaku za umeme zilizopangwa kando ya reli.

Je, kwa nini mabehewa hayaruki nje ya reli? Magurudumu yake hayako juu ya reli tu kama ya treni ya Mwanza. Kuna yanayobeba uzito kwa juu, kuna yanayobana kwa pembeni, na kuna yaliyo chini ya reli, yanayoishikilia kama kiganja kinavyoshika mpini wa jembe. Mtindo huo umetumika zaidi ya miaka 100 sasa. Mabehewa yakiwa kichwa chini, miguu juu, bado reli imeshikwa. Breki nazo haziko mikononi mwa dereva, kwa sababu hakuna dereva. Ziko kwenye reli, na reli imegawanywa vipande. Seti moja ya mabehewa hairuhusiwi kuingia kipande ambacho nyingine haijatoka. Kompyuta ndiyo inayohesabu.

Halafu kuna kazi ambayo haionekani kwenye video. Alfajiri, kabla ya mteja wa kwanza, mafundi hukagua reli na mabehewa, hupima mikanda, na mabehewa huzungushwa matupu mara kadhaa. Kila hatua huandikwa na kutiwa saini. Kuna kijiti cha kupimia kimo cha mtoto, na asiyefika alama hapandi, hata mzazi akilia. Mteja ananunua hofu, na kwa kiasi kikubwa anachokilipia ni ule ukaguzi wa alfajiri unaofanya hofu hiyo ibaki kuwa ya kupiga kelele tu.

Ukaguzi ukilegea, ukubwa wa jina haukusaidii. Juni 2, 2015, kwenye bustani ya Alton Towers huko Uingereza, mabehewa yaliyojaa watu ya mashine iitwayo The Smiler yaligonga mabehewa matupu yaliyokuwa yamekwama kwenye reli. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Kompyuta ilikuwa imezuia safari, kama ilivyopaswa. Mafundi hawakujua kwamba kuna behewa limekwama, wakadhani kompyuta imekosea, wakaipita na kuruhusu safari. Kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5.

Tusiende mbali na Saudi Arabia yenyewe. Mwishoni mwa Julai 2025, miezi mitano tu kabla ya Qiddiya kufunguliwa, kwenye bustani moja huko Taif, bembea kubwa ilivunjika nguzo ya katikati ikiwa hewani na watu juu yake. Watu wapatao 23 waliumia. Ile ya Taif haikuwa na rekodi yoyote ya dunia. Ilikuwa bembea ya kawaida ya kwenda na kurudi, kama nyingi zilizoko duniani. Nchi ni moja na mwaka ni mmoja.

Sasa turudi kwetu. Afrika Mashariki hatuna rola kosta ya kulinganisha na hizo. Dar es Salaam kuna Kunduchi Wet 'n' Wild ya mitelezo ya maji, na kuna Fun City kule Kigamboni. Kwa mtu wa Bukoba, Kampala ni karibu kuliko Dar, ukishavuka Mutukula, na huko nako kuna bustani za michezo ya watoto. Lakini mtoto wa Nshamba au wa Kemondo haendi Kunduchi. Burudani yake inamfuata kwa lori siku ya sikukuu: bembea ya viti vya minyororo, farasi wa kuzunguka, na lile puto kubwa la kurukia. Desemba, watu wa mkoa huu wanaporudi nyumbani na senene zikiwa msimu wake, viwanja hujaa. Ni furaha halali kabisa. Sitaki mtu asome makala hii akasema mtangazaji anataka bembea zipigwe marufuku.

Marufuku tumeshaijaribu. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana kwenye disko toto, ndani ya ukumbi uliojazwa kupita kiasi. Tangu wakati ule, kila sikukuu inapokaribia, polisi wa mikoa mingi hutangaza kwamba disko toto hakuna. Tangazo ni jepesi kutoa. Kukagua ukumbi, kuhesabu watoto mlangoni na kuhakikisha milango ya dharura haina kufuli ni kazi ngumu zaidi, na hiyo ndiyo ambayo ingewaokoa wale watoto. Mkoa wa Kagera hauhitaji kufundishwa juu ya chombo kilichojazwa. Tunaijua Mei 21, 1996 na MV Bukoba, na kuna nyumba ambazo hadi leo hawaisemi tarehe hiyo kwa sauti.

Sikukuu moja nilisimama kando ya bembea ya kuzunguka kwenye uwanja mmoja wa mkoa huu. Boriti lake lilikuwa limechomelewa juu ya mchomeleo wa zamani, na pembeni kutu ilikuwa inatoka kama unga wa kahawa. Mwenye bembea alikuwa kijana mchangamfu, anawapakia watoto wawili kwenye kiti cha mmoja ili foleni iishe. Mkusanya ushuru alifika na mashine yake, akakata risiti, akaondoka. Hakufika mtu mwenye spana.

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, haimlindi mfanyakazi peke yake. Inawataja pia watu wengine wanaoweza kudhurika na kazi inayofanyika pale. Mtoto aliyekaa kwenye bembea yumo. Zimamoto nao wana mamlaka ya kukagua maeneo yanayokusanya watu. Tatizo ni kwamba bembea ya lori inakaa uwanjani siku tatu na kuondoka, na mkaguzi wa kanda akitokea Mwanza atakuta nyasi zilizolala. Kwa maoni yangu, mlango pekee ambao mwenye bembea lazima apite ni halmashauri au serikali ya kijiji inayomruhusu kutumia uwanja. Kibali kitolewe kwa sharti: leta karatasi ya ukaguzi ya mwaka huu, na fundi wa halmashauri aizungushe ikiwa tupu, yenye mifuko ya mchanga, kabla ya mtoto wa kwanza kukaa. Hilo halihitaji sheria mpya.

Na mzazi je? Usihangaike na kasi yake. Simama dakika tano utazame mizunguko miwili kabla ya kulipa. Sikiliza: chuma kinachogonga kila mzunguko mahali palepale kina kitu kimelegea. Tazama miguu ya mashine, kama imekaa kwenye ardhi ngumu au imewekewa mawe na vipande vya mbao baada ya mvua. Tazama waya wa jenereta, kama umepita kwenye majani yenye maji huku watoto wakiukanyaga. Angalia kama mwenye bembea anafunga mkanda au mnyororo wa kila mtoto yeye mwenyewe, au anapiga kelele tu "shikeni!". Watoto wadogo na wakubwa wakichanganywa, mtoe wako.

Puto la kurukia ndilo linalowadanganya watu zaidi, kwa kuwa ni laini. Desemba 2021, shule moja ya msingi huko Devonport, Australia, ilikuwa inasherehekea mwisho wa mwaka. Upepo ulilinyanyua puto likiwa na watoto, wakaanguka kutoka juu, na watoto 6 wakafa. Sisi tuliokaa kando ya Ziwa Victoria tunaujua upepo wa mchana, unavyotokea ziwani bila hodi na kupeperusha mabati. Puto lililofungwa kwa kamba mbili kwenye vigingi vya mti, ufukweni Bukoba au kwenye visiwa vya Muleba, saa nane mchana, mimi ningelihofia kuliko Falcon's Flight. Upepo ukianza kuinamisha migomba, watoto washuke wote, hata kama muda waliolipia haujaisha.

Wenye bembea wenyewe wasichukie. Wengi ni vijana waliojikopesha, wakanunua mashine kuukuu, na sikukuu mbili kwa mwaka ndizo zinazowalipa. Bembea moja ikianguka Kamachumu, Krismasi inayofuata hakuna atakayepandisha mtoto Bukoba wala Biharamulo, hata kwenye mashine nzima. Anayetaka kutofautishwa na wazembe aanze na daftari la kaunta: tarehe, nati zilizokazwa, mchomeleo uliotazamwa, jina la fundi na saini yake. Aliweke mezani pale pa kukatia tiketi, likiwa limefunuliwa ukurasa wa leo.