Mzigo ukirudi, nauli ni ya nani? Wewe unayeuza mtandaoni, amua mapema

Tuseme unaishi Kibokoni, ndani kabisa ya Mji wa Kale, na duka lako ni simu. Juzi ulimtumia mteja wa Nairobi dira. Leo unapigiwa kutoka ofisi ya mizigo ya basi kule Mwembe Tayari: mzigo wako umerudi, njoo uuchukue, na uje na nauli yake. Kwenye WhatsApp mteja amekuandikia mistari miwili tu. Dira halimtoshi, na anataka pesa zake leo.

Hujakosea popote, au ndivyo unavyoona. Rangi ni ileile na kitambaa ni kilekile. Lakini sasa kuna nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na tuktuk ya kukupeleka Mwembe Tayari na kukurudisha. Nani alipe?

Wengi wetu hulijibu swali hili likiwa limeshatufika shingoni. Hapo ndipo matusi huanza. Mteja anakubloki, mazungumzo yenu yanaanikwa Facebook, na jina la duka linachafuka kwa sababu ya Sh300. Hoja yangu leo ni moja: nauli ya kurudisha mzigo haina mwenyewe hadi mpangane kabla pesa hazijatumwa. Ukinyamaza, mara nyingi itakuangukia wewe muuzaji.

Nenda Mtaa wa Biashara uone wanavyonunua leso mama zetu. Wanaikunjua, wanaishika kitambaa, wanasoma jina lake, wanateta bei, ndipo wanalipa. Wakifika nyumbani wakakuta doa, kesho wanarudi kwa miguu na yanakwisha. Kurudisha hapo ni jasho tu.

Simu imebadilisha mambo. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mtu wa Kisumu au Garissa anaweza kukulipa bila kukuona wala kuigusa bidhaa. Soko limepanuka, nasi vijana wa kisiwani tusio na pesa za kodi ya duka tumepata pa kuanzia. Lakini umbali nao umeingia kwenye bei. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na kurudi ni hizo hizo.

Najua jibu la wengi. Chini ya kila picha wanaandika kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na wanaamini wamejifunga kibwebwe. Hapo wanajidanganya.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakwenda mbali zaidi. Inasema haki zilizomo ndani yake zinabaki hata kama mliandikiana kinyume. Kwa mauziano ya mtandaoni, inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi mambo ya msingi, ampe nafasi ya kukubali au kukataa, kisha ampe nakala ya makubaliano. Muuzaji asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba.

Kuna sheria nyingine ya zamani zaidi, ya enzi za ukoloni, ambayo wachache huijua: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Hiyo inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Isipolingana, mnunuzi ana haki ya kuikataa. Na isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, mnunuzi huyo halazimiki kukurudishia mzigo. Inatosha akujulishe kuwa ameukataa.

Soma tena hapo. Ukituma dira la kijani kwa mtu aliyeagiza la samawati, mzigo unaweza kubaki kwake Nairobi hadi wewe upange namna ya kuuchukua. Nauli ya kuufuata ni yako.

Mteja aliyebadilisha nia tu ni hadithi nyingine. Kama ulimweleza kila kitu, akakubali, ukampa maandishi, hana msingi kama huo. Tofauti iko hapo, kati ya kosa lako na uamuzi wake.

Wala si fikira za kisheria za juzi. Waliosoma mlango wa biashara madrasa wanaijua khiyari: mnunuzi aliyekuta ila kwenye bidhaa ana hiari ya kuirudisha, na pande mbili zinaweza kuwekeana sharti la muda wa kufikiri. Tulichosahau tulipohamia kwenye simu ni kuwekeana sharti lenyewe.

Wenzetu wa nje nao wamelihangaikia jambo hili. Katika Umoja wa Ulaya, aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadilisha nia. Kwa kawaida nauli ya kurudisha hulipa yeye, lakini muuzaji asipomwambia hilo mapema, muuzaji ndiye hulipa. Uchina ilianza kutoa siku saba mwaka wa 2014, nauli ikiwa ya mnunuzi, na huko kuna hata bima ya kulipia nauli ya kurudisha. Zara, duka kubwa la mavazi, lilianza mwaka wa 2022 kuwatoza wateja wa Uingereza pauni 1.95 kwa kurudisha nguo kwa njia ya posta.

Ikiwa kampuni kama hiyo ilishindwa kuubeba mzigo huo bure, wewe wa Kibokoni utaubebaje kwa kunyamaza?

Chukua karatasi tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Dira umelinunua Sh1,300 na unaliuza Sh1,800. Faida ni Sh500. Nauli ya kwenda Nairobi ni Sh300, na mteja ameilipa. Halimtoshi, anataka kubwa zaidi. Ukilipia la kwanza lirudi, kisha ukalipia la pili liende, umetoa Sh600. Faida imekwisha na umeongeza Sh100 kutoka mfukoni.

Sasa tuseme hilo hutokea kwa mteja mmoja kati ya kumi. Sh600 ukizigawa kwa madira kumi ni Sh60. Ukiuza kila dira kwa Sh1,860, umeshajilipa kabla ya msiba. Ukimwambia mteja wewe utalipia kurudi naye alipie kutumiwa jingine, mzigo wako unashuka hadi Sh30 kwa kila dira. Lakini hesabu hii inataka daftari. Andika kwa miezi mitatu mizigo mingapi imerudi na kwa nini. Bila hivyo utakuwa unabahatisha.

Baada ya hapo andika ujumbe mmoja, uuhifadhi kwenye simu, na umtumie kila mteja kabla hajalipa. Unaweza kuwa hivi:

"Tukikosea sisi, yaani mzigo mbovu, au saizi na rangi siyo uliyoagiza, sisi tutalipa nauli ya kurudi na ya kukutumia mwingine. Ukibadilisha nia, au vipimo ulivyotupa havikuwa sahihi, nauli zote ni zako. Tuambie ndani ya saa 48 tangu uchukue mzigo. Leso iliyokatwa au kupindwa, manukato yaliyofunguliwa na chakula havirudi, ila vikifika na kasoro. Pesa tutarudisha ndani ya siku mbili baada ya kukagua mzigo. Ukikubali, tujibu: Nimekubali."

Neno hilo moja la mwisho lina kazi kubwa. Likiwepo kwenye mazungumzo yenu, hakuna wa kudai hakuambiwa. Mkifika mbali zaidi, tuseme umemuuzia mtu wa jumla madira 40 na mmekosana, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na inatakiwa iamue kesi ndani ya siku 60. Huko ujumbe kama huo ni ushahidi.

Hata hivyo, nauli ya bei nafuu kuliko zote ni ile ambayo haikulipwa. Mizigo mingi hurudi kwa sababu ya uvivu wetu. Tunapiga picha usiku chini ya taa ya manjano, tunaongeza urembo wa simu, halafu tunashangaa mteja akisema rangi siyo. Piga picha mchana, karibu na dirisha. Usiandike "saizi ya kawaida", kwani kawaida ya nani? Weka futi ya fundi juu ya dira na utaje upana wa kifua na urefu kwa inchi.

Kwa leso, piga picha ya jina mpaka lisomeke. Wateja wa mbali huagiza kwa rangi, kisha leso iliyokusudiwa kumheshimu mama mkwe inafika ikiwa na maneno ya kumfumba jirani. Hapo si nauli tu utakayopoteza. Na kabla ya kufunga mzigo, jirekodi video fupi ukionyesha bidhaa, anwani na stakabadhi ya ofisi ya mizigo.

Utaniambia wateja nao ni wajanja, na ni kweli. Yupo anayevaa dira harusini Ijumaa na kulirudisha Jumatatu likinuka udi. Dawa yake ni lebo ndogo inayoning'inia mahali pa kuonekana, na sharti kwamba ikitolewa nguo hairudi. Yupo pia anayeagiza kulipa akipokea, kisha mzigo ukifika anazima simu. Huyo mwombe nauli ya kwenda mapema. Mwenye nia hatakataa kutoa Sh300, na asiye na nia utamjua kabla hujapanda tuktuk.

Lakini usiwafanye wote wezi kwa sababu ya hao wawili. Mnunuzi wa bara anayesitasita kukutumia pesa huenda ameshaumizwa na muuzaji aliyepokea na kutoweka. Kwake, ujumbe unaosema wazi nani atalipa nini mambo yakiharibika ni sababu ya kukuamini kuliko picha 20 za madira. Wewe huna jengo wala bango barabarani. Una namba ya simu na jina, basi.

Tumalizie na yule mteja wa mwanzo. Hamkuandikiana chochote, na hakuna aliyetaja vipimo. Usianze vita. Mpigie, usimwandikie, maana sauti hupoza. Mwambie: "Dada, mimi sikukueleza vipimo nawe hukuuliza. Nitalipia huu uliorudi, wewe lipia nauli ya mwingine, na nitakupimia kabla sijatuma." Umepoteza Sh300 na tuktuk, lakini mteja umebaki naye.

Kisha, kabla hujaweka picha nyingine kwenye stetasi leo jioni, kaa barazani dakika kumi uandike ule ujumbe.