Usimponde Mdudu Huyu wa Mvua

Ndugu Muislamu, msimu wa mvua huleta majumbani mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, aitwaye Nairobi flai. Mwaka 1998, baada ya mvua za El-Nino, walizagaa mno Kenya. Usiku hufuata mwanga wa taa. Hang'ati wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, nasi huitoa wenyewe tunapomponda shingoni. Kesho yake ngozi huwaka na kutoa malengelenge, tukasingizia husda. Si husda, ni mkono wetu. Mpulize aondoke, osha ngozi kwa maji na sabuni, usiguse macho. Zima taa zisizo na kazi, kung'uta mswala na shuka, lala ndani ya chandarua. Shambani hula wadudu waharibifu, tusimdhulumu. Wabillahi tawfiq.