Mihogo ya Siku Moja



Mtumikaji wa kiwanda cha zahabu anajua kwamba sianidi ni sumu. Anavaa mipira ya mikono, anafuata sheria. Lakini akirudi nyumbani, Fizi au Baraka, haulizi unga uliolowa siku ngapi. Na mihogo michungu inaficha sumu ile ile.

Ndani ya muhogo, sumu imefungwa katika kitu kinachoitwa linamarini. Mwili wetu peke yake hauwezi sana kuifungua. Wanaoifungua ni vijidudu vya utumbo, jamaa ya vile vinavyotusaidia kusaga sombe. Vinakula sukari yake, sianidi inabaki kwetu. Hapo mwili unajitetea: unaigeuza kuwa kitu kisicho kikali sana, kinatoka na mkojo. Kazi hiyo inaomba salfa, nayo tunaipata katika ndagala, samaki, mayai na maharagwe. Anayekula bugali mtupu siku zote hana cha kujitetea nacho.

Ndiyo njia ya konzo. Mtoto alilala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitapona tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Jina ni la Wayaka wa Kwango, lakini tusiseme ni mambo ya mbali: mwaka 2011 waganga waliandika juu ya konzo ya Burhinyi, katika Mwenga, jirani yetu. Na mwaka 2021 wachunguzi waliopima vijidudu vya matumbo ya watu 180 wa Kongo, pamoja na watoto wenye konzo, walikuta vinatofautiana sana kwa mahali, na vingine huenda vinaongeza hatari.

Nyanya zetu walilowesha mihogo siku tatu au nne. Mle majini vijidudu vinafanya kazi ile ile ya utumbo, ila sumu inakwenda na maji. Afadhali ifanyike mtoni kuliko tumboni mwa mtoto. Siku hizi soko lina haraka: siku moja tu, unga umeuzwa.

Kwa maoni yetu, lawama isimwangukie mama peke yake. Anapunguza siku kwa sababu mfuko wa unga ni mtupu, na mara nyingi ni mtupu kwa sababu mshahara ulipitia baa kwanza. (Watakaokasirika wanajijua.) Baba anunue mihogo mapema, na kipimo cha ndagala juu yake.

Unga ukiutilia mashaka, uchanganye na maji mpaka ulowe wote, uutandaze mwembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, upike siku ile ile. Na mtoto akianza kutembea kwa ncha za vidole, usingoje kesho, mpeleke hospitali.