Baina ya Kizazi Kipya na Zilipendwa

Katika nchi yetu nyimbo za starehe zimepewa majina mawili ambayo yamezoeleka hata hayachunguzwi tena. Nyimbo za vijana huitwa muziki wa kizazi kipya. Nyimbo za zamani huitwa zilipendwa. Sisi twadai kwamba majina haya, ijapokuwa hayakutungwa kwa nia mbaya, yamewadhulumu waimbaji wetu, kwa kuwa baina yake hapana nafasi ya mtu mzima. Mwimbaji hana budi awe kijana, ama awe kumbukumbu. Akitaka kuwa mtu mzima aliye hai, aimbaye mambo ya utu uzima, hana jina la kuitwa wala mahali pa kukaa.

Tuyatazame maneno yenyewe, kama mwalimu wa sarufi ayatazamavyo. Katika neno zilipendwa, zi- ni kiambishi cha ngeli, -li- ni cha wakati uliopita, na -w- ni alama ya kauli ya kutendwa. Maana yake ni kwamba palikuwa na mapenzi, nayo yamekwisha. Lakini neno hilo hilo hutamkwa juu ya nyimbo ambazo watu wangali wakizipenda na kuzicheza arusini hadi usiku wa manane! Wapo watakaotujibu kuwa hilo ni neno la heshima. Heshima gani hiyo, inayomtangulizia mtu tanzia naye yu hai? Jina la kizazi kipya nalo lina kosa la upande wa pili. Walioitwa kizazi kipya mwanzoni mwa miaka ya 2000 leo ni baba na mama wa watu. Upya usioruhusiwa kukoma si sifa; ni kifungo.

Mfano wetu ni Judith Wambura, ajulikanaye kwa jina la Lady Jaydee. Alizaliwa mwaka 1979, akaanza kusikika nchini kote kwa albamu ya Machozi, naye ni miongoni mwa wanawake wa kwanza waliosimama imara katika muziki uliokuwa umejaa wanaume. Mwaka 2003 alitoa albamu aliyoiita Binti. Zikafuata nyingine, hata ile ya mwaka 2013. Kisha ukapita muda wa kimya, watu wakaanza kumweka katika kabati la kumbukumbu. Mwaka 2016 akarudi kwa wimbo wa Ndi Ndi Ndi, neno ambalo Waswahili hulitumia kwa kitu kilichokazwa barabara. Mwezi Machi mwaka 2017, kabla hajatimiza miaka 38, akatoa albamu aitwayo Woman. Tangu binti hata mwanamke: hiyo ni safari ya miaka 14, na msanii mwenyewe ameiandika juu ya majalada ya kazi zake. Hajifichi kwamba amekua. Kwa nini sisi wasikilizaji tumfiche?

Kila mwimbaji arudipo kwa sauti iliyokomaa, hupokewa kwa malalamiko ya aina mbili. Hapa Misigiri, wilayani Iramba, mahali ambapo njia ya Kiomboi huiacha barabara kuu iendayo Shelui na Nzega, muziki haukosekani mchana wala usiku, na malalamiko hayo yote mawili twayasikia. Wazee wa jana husema: "Huyu si yule, na aturudishie nyimbo zake za zamani." Vijana wa leo husema: "Huyu zama zake zimepita, na awaachie wenzake." Wa kwanza wamtaka asibadilike, wa pili wamtaka asiwepo. Wote wawili wamemnyima haki moja, nayo ni haki ya kukua.

Hebu tulinganishe na kazi nyingine. Hakuna amwambiaye fundi seremala mwenye miaka 40 arudie kile kigoda alichokichonga alipokuwa mwanagenzi. Hakuna amwambiaye mkulima wa alizeti kuwa ujuzi wake umepitwa kwa sababu amelima misimu 20. Mwalimu aliyefundisha miaka mingi twamtafuta, wala hatumkimbii. Wahenga walinena: kuishi kwingi ni kuona mengi. Basi ikiwa wimbo ni kusema yaliyoonwa, aliyeona mengi ana haki zaidi ya kusikilizwa. Mapenzi yaimbwayo na mtu wa miaka 20 ni ahadi. Yaimbwayo na mtu wa miaka 40 ni ushahidi. Taifa lahitaji yote mawili, na kijana asiyesikia ila ahadi atatapeliwa na dunia.

Wala fikra hii ya kuwastaafisha waimbaji mapema si urithi wetu. Siti binti Saad, ambaye yasemekana alizaliwa yapata mwaka 1880, alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri mwaka 1928. Alikuwa anakaribia miaka 50. Kwa kipimo cha leo angekwisha kuambiwa akapumzike. Lakini kwa kipimo cha wakati wake ndipo jina lake lilipovuka bahari, hata Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude wa Unguja, alipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na aliendelea kuimba karibu na kifo chake tarehe 17 Aprili 2013. Hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa alipendwa. Alikuwa anapendwa.

Tazameni pia yaliyompata Saida Karoli wa Kagera. Mwaka 2001 wimbo wake wa Kihaya ulichezwa na Watanzania wasiojua neno moja la Kihaya. Baadaye sauti yake ikafifia. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufufua wimbo huo kwa jina la Salome, taifa zima likacheza upya. Mwaka 2017 mwenyewe akarejea kwa wimbo wa Orugambo. Hatuwalaumu vijana walioufufua. Kurithi ni jambo jema. Twailaumu hadhira ambayo yangoja kijana aushike wimbo wa mtu mzima ndipo ikumbuke kwamba mwenye wimbo yupo, anakula, anavaa, na anaweza kutunga mwingine.

Hata hivyo hatutamsifu msanii bila kumwambia ukweli. Lady Jaydee aliyesema Binti kwa Kiswahili alipokuwa kijana, amesema Woman kwa Kiingereza alipokomaa. Hapo twatofautiana naye. Neno mwanamke lina uzito wote aliouhitaji, na lingekaa kando ya Binti kama mtu na kivuli chake. Isije ikadhaniwa na wanafunzi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya utoto na Kiingereza ni lugha ya utu uzima. Lakini ugomvi huo ni wa ndugu, na hautuzuii kuipokea kazi yenyewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi ulinzi katika uhai wake wote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Yaani sheria yauhesabu wimbo kuwa hai nusu karne baada ya mtunzi kuzikwa, na sisi twauita marehemu kabla mtunzi hajaota mvi! Sheria imetushinda kwa upendo.

Kwa hiyo twawaomba walimu jambo moja. Mnapofundisha fasihi simulizi na ushairi, wekeni mbele ya darasa kazi ya mwimbaji mmoja aliyoitoa akiwa kijana, na nyingine aliyoitoa alipokuwa mtu mzima. Waulizeni wanafunzi ni neno gani limebadilika, ni jambo gani ameacha kulisema, na ni jambo gani hakuweza kulisema zamani. Nanyi wanafunzi, mnaodhani kuwa kipaji ni mali ya ujana peke yake, jifunzeni kusikiliza hadi mwisho. Zama zenu za kuitwa kipya nazo zina siku zake. Siku hizo zitakapokwisha, mtaitaka nchi iliyojifunza kuwasikiliza watu wazima. Na nchi hiyo haina wa kuijenga ila ninyi.